UZI: Kichwa kilitufia Pandambili, nikaanza kusoma transiti mwenyewe usiku. Madereva na matajiri wadogo tuzungumze

Karani wa Kizota (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za usiku, na wakubwa wote mliomo humu shikamooni.

Nafanya kazi ya makaratasi kwenye ofisi ya malori hapa Dodoma, upande wa Kizota. Magari yetu si mengi. Yanapakia Dar na kupandisha Rwanda, Burundi na mara nyingine Goma. Uzi huu nauandika kwa ajili ya madereva, matingo na matajiri wenye gari moja au mawili. Elimu ya transiti, yaani mzigo unaopita nchini kwenda nchi nyingine, kwetu inaishia mezani kwa wakala wa forodha, haipandi kwenye kabini. Lakini gari likisimamishwa, anayeulizwa ni aliye kwenye kabini.

Nianze na yaliyotupata. Mwaka jana gari letu lilikuwa linapanda na kontena la vipuri vya mashine, mzigo wa Goma, chini ya bondi, yaani dhamana ya kodi ambayo haijalipwa. Saa tatu usiku kichwa, lile gari la mbele linalovuta tela, kikafia Pandambili, giaboksi. Dereva akampigia bosi, bosi akanipigia mimi. Yadi tulikuwa na kichwa kingine kimepumzika, tukakituma usiku uleule. Kilifika, wakachomoa tela kwenye kichwa kibovu wakapachika kwenye kizima, na kabla ya adhana ya alfajiri mzigo ulikuwa barabarani. Bosi alinitumia ujumbe wa pongezi. Nikalala nikijua tumeokoa siku nzima.

Tulipoteza siku nne. Kwenye kituo cha ukaguzi kilichofuata ofisa alichukua T1, ile karatasi ya forodha inayosafiri na mzigo wa transiti, akaanza kulinganisha. Namba ya kontena sawa. Tela sawa. Lakiri, ule muhuri wa forodha unaofunga mlango, sawa, haijaguswa. Namba ya kichwa, siyo. Kwenye mfumo mzigo ule ulikuwa umebebwa na gari ambalo muda huo lilikuwa juu ya jeki Pandambili. Kwa forodha huo ni mzigo usiolipiwa kodi, unatembea na gari wasilolijua. Ofisa hakukosea hata kidogo. Waliokosea ni sisi wa ofisini, lakini aliyelala chini ya tela siku nne na kuhojiwa kama mwizi ni dereva wetu, mtu mzima, anayevuka mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda tangu enzi za daraja la zamani. Aliporudi hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Mwanangu, sasa pale Pandambili nilitakiwa nimpigie nani?" Sikuwa na jibu.

Ndipo nikatafuta pa kusoma. Kile cheti cha Afrika Mashariki cha mawakala wa forodha, EACFFPC, nakiheshimu sana, ila kimekusudiwa mawakala, na ratiba ya darasa ingenishinda. Mimi natoka ofisini saa moja usiku, na dereva wangu hajui kesho atalala Nzega au Nyakanazi. Nikapata kozi ya mtandaoni ya kujisomea. Unaingia muda unaoupata, unaacha ukichoka, kesho unaanzia ulipoishia. Kila somo lina maswali mwishoni, ukikosa unarudia. Nilikuwa nasoma dakika 40 kila usiku watoto wakishalala.

Kozi yenyewe ilihusu TIR, utaratibu wa kimataifa wa malori kuvuka mipaka kwa dhamana moja. Wengine mtasema TIR inatuhusu nini, barabara yetu ya Ushoroba wa Kati, hii ya kutoka Dar kupanda Rwanda, Burundi na Kongo, haiendi na TIR. Ni kweli, kwetu ni bondi na T1. Lakini kusoma utaratibu wa wenzetu kulinifungua macho kwa wetu, kwa hiyo nivumilieni nieleze.

TIR ilianza Ulaya mwaka 1949, baada ya vita kuu, kwa makubaliano ya nchi chache. Ukaja mkataba wa 1959, kisha wa 1975 ambao ndio unaotumika hadi leo chini ya Umoja wa Mataifa. Shida iliyokuwepo ni hii tunayoijua: kila mpaka lori lisimame, mzigo ushushwe, uhesabiwe, na kila nchi idai dhamana yake ya kodi. Wakakubaliana kwamba forodha ya nchi mzigo unakotoka ikague na kufunga lakiri, nchi za katikati ziheshimu ukaguzi huo isipokuwa wana shaka, na dhamana iwe moja kwa safari nzima. Kitabu kinachobeba dhamana hiyo kinaitwa kaneti, na kinatolewa na IRU, jumuiya ya kimataifa ya wasafirishaji wa barabara yenye makao Geneva. Dereva anakwenda nacho. Kila nchi anayoipita wanachana kurasa mbili, moja akiingia na nyingine akitoka, na vishina vinabaki kitabuni vimegongwa mihuri. Ile kurasa ya kutoka ikirudi na kukutana na ya kuingia, nchi hiyo inajua mzigo haukuachwa njiani, na dhamana inaachiliwa.

Hapo nilisimamisha somo nikakaa kimya kidogo. Miaka sita nashika T1 nikidhani ni kibali cha kupita. T1 ni ahadi. Kuna mtu amesema mbele ya serikali: kodi ya mzigo huu haijalipwa kwa sababu hautumiki hapa, ukipotea humu ndani nidaini mimi. Lakiri, namba ya gari, njia uliyopangiwa, siku ulizopewa, vyote vinailinda ahadi hiyo. Ukibadilisha kichwa kimyakimya umegusa ahadi ya mtu mwingine bila kumwambia.

Na jibu la yule mzee nililikuta kwenye somo la ajali na hitilafu za njiani. Mwisho wa kaneti kuna ukurasa maalumu wa taarifa. Gari likifa, likipinduka, lakiri ikikatika, au mzigo ukilazimika kuhamishwa, dereva haruhusiwi kuendelea kivyake. Anaitafuta forodha iliyo karibu, na kama haipo anakwenda kwa mamlaka nyingine kama polisi, wanaandika kilichotokea kwenye ukurasa ule na kugonga muhuri. Kwetu ukurasa huo haupo mkononi mwa dereva, ila wajibu ni uleule: simama, toa taarifa, namba ya gari jipya iingizwe kwenye mfumo kwanza, na ndipo tela liondoke. Tena kichwa kinachokuja kiwe na leseni ya kubeba mizigo iliyo chini ya forodha, siyo kichwa chochote kilicholala yadi. Kumbe usiku ule simu ya kwanza kutoka Pandambili ilitakiwa iende kwa wakala, na wakala aende forodha. Hata tungesubiri hadi saa nne asubuhi, tungepoteza nusu siku.

Kozi ilikuwa ya Kiingereza. Kila somo nililomaliza nikawa narekodi sauti ya dakika tatu kwa Kiswahili na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la madereva wetu. Somo moja, jambo moja. Wanasikiliza wakiwa kwenye foleni ya mizani ya Nala au wakisubiri chakula, na asiyeelewa anarudia. Hadi leo ziko nane. Anayezitaka aseme. Na wenye uzoefu nirekebisheni, mimi bado mwanafunzi.

Suka wa Singida

Dada umenigusa. Mimi ni dereva mwaka wa tisa na hakuna siku tajiri au wakala alinikalisha chini akanieleza T1 ni nini. Unapewa bahasha, unaambiwa usipoteze.

Nitoe ushuhuda wangu ili wengine wasirudie. Kwetu ni Kondoa ingawa naishi Singida. Nilikuwa na mzigo wa Burundi, una kile kifaa cha kufuatilia mizigo kimefungwa mlangoni. Nimefika Dodoma saa nne asubuhi, mama alikuwa mgonjwa, nikasema nipande kaskazini nimwone, jioni nirudi nishike barabara ya Manyoni. Mzigo siugusi, mlango siufungui, nina kosa gani? Sijamaliza hata nusu ya safari simu zikaanza. Wakala, tajiri, namba nisizozijua. Kifaa kilishasema nimeacha njia. Niligeuza, mama sikumwona siku ile. Nilikasirika sana, nikaona wananionea. Leo kwa maelezo yako ya ahadi naelewa kwa nini walipata joto. Kumbe kulikuwa na mtu ameweka dhamana yake mgongoni kwangu.

Nitumie hizo sauti.

Karani wa Kizota

Pole kaka, na mama Mungu amjalie. Jambo kama hilo ungemwambia wakala mapema, angeuliza kama kuna namna, hata ya gari kusubiri mahali salama wewe uende na basi. Nimekutumia zote, anza na ya tatu, inahusu njia iliyopangwa na muda. Kanuni za forodha za Afrika Mashariki za 2010 zinaupa mzigo wa transiti siku 30 uwe umetoka nchini. Ukiona gari limekwama na siku zinakwenda, usingoje ziishe ndipo useme.

Mzee wa Turubai

Marahaba wanangu.

Binti, umenifanya nitoke nje na tochi. Nina tela nililonunua kutoka kwa mtu, lilikuja limetumika Ulaya. Nyuma lina kibao cha bluu chenye herufi nyeupe: TIR. Miaka 11 naliendesha na kibao hicho, kila mwaka napaka rangi tela, kibao nakiruka kwa sababu kinapendeza. Vijana walikuwa wananiuliza, nawaambia ni jina la kiwanda. Leo ndiyo najua.

Na kuna kitu kingine kwenye tela lile. Turubai lake lina matundu ya chuma pembeni, yamepangwa karibukaribu kuzunguka bodi yote, na kamba moja ndefu yenye chuma kila ncha. Ile kamba haina kiungio popote. Nilikuwa naona wazungu wanajisumbua, mpira wa tairi lililokatwa ungetosha. Je, inahusiana?

Karani wa Kizota

Baba, inahusiana moja kwa moja, na swali lako limenifurahisha kuliko yote. Gari la TIR linakaguliwa lenyewe kabla ya kuruhusiwa kubeba mzigo, linapewa hati, na kila baada ya miaka miwili linarudishwa kukaguliwa. Masharti makubwa: mtu asiweze kutoa wala kuingiza kitu bila kuacha alama inayoonekana au kuvunja lakiri, pasiwe na sehemu ya kuficha kitu, na kila mahali panapokaa mzigo pafikike kwa mkaguzi.

Kwa gari la turubai ndiyo inakuja kamba hiyo. Matundu na pete zake kwa kawaida hayatakiwi kupishana zaidi ya milimita 200, ili mkono usipenye katikati. Kamba inapita kwenye pete zote, zile ncha mbili za chuma zinakutana mahali pamoja, na lakiri inafungwa pale. Lakiri moja inafunga turubai zima. Kamba yenye kiungio ingekuwa na mahali pa pili pa kufungulia, ndiyo maana haina.

Wakala wa Bandarini

Nimekuwa wakala wa forodha Dar muda mrefu. Uzi mzuri, ila kuna jambo lazima liwekwe sawa, maana umeandika kana kwamba kila mzigo unaopita Dodoma kwenda nje uko chini ya bondi. Sivyo.

Tangu 2014 kuna Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki. Mzigo mwingi wa matumizi unaokwenda Rwanda, Burundi au Uganda unatamkwa kwenye mfumo wa nchi unakokwenda na kodi inalipwa kule kabla mzigo haujatoka bandarini Dar. Huo ukiwa Kibaigwa tayari una mwenyewe na kodi yake imeshalipwa. Tajiri anaweza kuwa na malori mawili yanaongozana, yote ya Kigali, moja mzigo umelipiwa na jingine unakwenda ghalani chini ya dhamana. Makaratasi ni tofauti na maswali njiani ni tofauti. Dereva ajue amebeba upi kabla hajawasha gari. Swali ni moja tu kwa wakala: huu umelipiwa au una bondi?

Jingine, msiwarushie mawakala mzigo wote. Hiyo ya kubadilisha vichwa inatuumiza sisi. Bondi ni yetu, na mzigo usipoonekana umetoka, wa kwanza kudaiwa ni sisi na kampuni ya bima iliyotudhamini. Mara ngapi napigiwa simu gari limeshakamatwa, wakati wangenipigia likiwa limekufa ningemaliza kwa barua na kufika ofisi ya forodha.

Karani wa Kizota

Asante sana mkuu, nimerekebishwa. Nilichanganya, na kwenye sauti ya pili nimesema hivyohivyo. Naifuta leo, narekodi upya na swali lako nitaliweka kama lilivyo. Naomba radhi kwa madereva walioisikia.

Kuhusu mawakala, sikukusudia kulaumu. Mimi mwenyewe namba ya wakala wetu nilikuwa nayo, dereva hakuwa nayo. Sasa imeandikwa kwa kalamu nzito kwenye kioo cha jua cha kila gari, pamoja na yangu.

Tajiri wa Tela Moja

Dada, mimi nina gari moja la mkopo, nipo Manyoni. Dereva wangu ni mzuri lakini simu yake ni ya kitochi, na elimu yake ni ya msingi. Hizi kozi za kwenye intaneti zitamsaidiaje? Na mimi mwenyewe kusoma Kiingereza usiku kucha siwezi, nikiri.

Karani wa Kizota

Kaka, hilo nililifikiria sana. Usianze na kozi, anza na lakiri. Kozi yangu ilikuwa na somo zima la lakiri na naona ndilo linalompasa dereva kuliko yote, na halihitaji Kiingereza wala bando. Halafu asubuhi moja simama naye nyuma ya tela mfanye pamoja.

Zile lakiri za bolti mnazijua, msumari mnene na kikombe kinachoumeza. Kwanza atazame: pana mkwaruzo, gundi, rangi isiyofanana? Bawaba za mlango zina alama ya kufunguliwa? Pili alinganishe namba iliyochongwa kwenye chuma na iliyo kwenye karatasi, tarakimu moja moja, akisoma kwa sauti na tingo akishika karatasi. Macho peke yake yanadanganya, hasa 6 na 8 zikiwa na vumbi, na vumbi la kuanzia Bahi hadi Kintinku unalijua. Afute kwanza na kitambaa. Tatu aivute chini kwa nguvu. Bolti iliyokatwa ikagandishwa huachia hapo. Nne aizungushe kama anafungua nati, isizunguke ikatoka. Tazama, linganisha, vuta, zungusha. Kila anapoondoka mahali alipolala, kabla ya injini kuwaka.

Dereva wa kitochi anaweza hayo yote. Na akikuta kasoro anakupigia wewe akiwa bado amesimama palepale, siyo baada ya kilomita mia.

Binti Irangi

Habari dada Karani. Nimemaliza chuo, nipo nyumbani Dodoma mwaka wa pili sasa, nafikiria kuingia kwenye fani hii. Nisome hiyo ya TIR au niende kwenye EACFFPC?

Karani wa Kizota

Mdogo wangu, ukitaka kuwa wakala wa forodha huku kwetu, EACFFPC ndiyo njia yenyewe, inaendeshwa na mamlaka za mapato pamoja na vyama vya mawakala vya Afrika Mashariki. Kozi ya kujisomea haikupi leseni, usije ukadanganywa na cheti chenye rangi. Ila inakufundisha kufikiri. Kama una simu na muda, anza nayo wakati unakusanya ada. Ninachokushauri kwa nguvu zote: usimeze majibu ya maswali ya mwisho wa somo. Kila sura chukua hati moja ya kweli, uliza ofisi yoyote ikupe nakala ya zamani isiyo na siri, utafute jambo ulilosoma liko wapi kwenye ile karatasi. Mimi nilisoma na T1 ya Pandambili mbele yangu. Njoo Kizota siku ya Jumamosi nitakuonyesha.

Mzee wa Turubai

Nimesikiliza sauti zote, mjukuu kaniwekea kwa spika. Ya nane umesema haraka mno, pale kwenye ajali. Irudie polepole, wengi wetu tunasikiliza injini ikiunguruma.

Karani wa Kizota

Sawa baba, nitairudia kesho usiku.

Suka wa Singida

Nipo Nzega nimelala hapa, mzigo wa Burundi, na nimeshauliza: una bondi. Nimefuta lakiri kwa kitambaa, tingo kashika karatasi, tumesoma tarakimu zote. Nimevuta, nimezungusha, imekaa. Picha nimekutumia inboksi ingawa si gari lenu, nilitaka tu mtu aione.

Karani wa Kizota

Nimeiona kaka, namba inasomeka vizuri. Sasa nenda mbele ya gari, piga picha na namba ya kichwa, ulinganishe na T1 kabla hujaondoka.

Suka wa Singida

Nimeshuka. Ni yenyewe. Naondoka.